Uliza draiva kabla ya kulipa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo haiingii kwenye kila mashine: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hapo ndipo Mtwara inapoachwa njiani. Kompyuta nyingi zilizopo kwenye steshenari zetu, ofisi za vijiji na maabara za shule za sekondari, kuanzia Mikindani hadi Nanyamba na Kitaya, ni za mtumba, za kizazi cha 3, cha 4 au cha 6, zilizopita Kariakoo zikapandishwa basi la kusini. Ni nzima. Zinawaka, zinachapa, zinafungua intaneti. Kilichokwisha ni huduma ya mwenye programu, mashine haina kosa.

Msimamo wetu ni kwamba mashine hizi zisitupwe, na zisiendelee kuishi kwa Windows ya kuvunja inayozungushwa kwenye fleshi. Ziwekewe Linux, ambayo ni bure na ni halali. Wazo hili si geni, mafundi wengi wa mkoa huu wameshalijaribu. Tunaandika leo kwa sababu majaribio mengi yanakufa mahali pamoja, na mahali hapo ni draiva.

Mambo huenda hivi. Fundi anachomeka fleshi yenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye mashine ya shule, na baada ya muda mfupi mfumo umekaa. Skrini ni safi, kompyuta iliyokuwa ikijikokota imekuwa nyepesi. Halafu mwalimu anauliza waifai iko wapi, na waifai haipo. Anataka kuchapa mtihani. Printa inawaka taa, karatasi haitoki. Wiki haijaisha fundi anaitwa arudi apige windo, naye anapiga. Linux inabaki na jina baya shuleni hapo kwa miaka. Sisi tunasema kosa halikuwa la fundi wala la Linux. Lilifanyika siku kadi ile ya mtandao na printa ile vilipolipiwa bila mtu yeyote kuuliza vinaelewana na mfumo gani.

Kwa msomaji asiye fundi: draiva ni programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa fulani, iwe printa, kadi ya sauti, modemu au mizani. Kwenye Windows tumezoea kuitafuta. Tunaitafuta kwenye CD iliyokuja na boksi, kwenye tovuti ya mtengenezaji, au kwenye yale mafurushi ya draiva za bure mtandaoni ambayo mara nyingi huja na kirusi. Linux imejengwa vingine. Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991 ilikuwa kazi ya mwanafunzi mmoja wa Finland. Leo zaidi ya nusu ya msimbo wa keneli, yaani kiini cha mfumo, ni draiva tupu. Zimo ndani tayari. Ukichomeka kifaa kinajitambulisha kwa namba mbili, ya kampuni na ya modeli, keneli inatafuta moduli inayozijua namba hizo, inaipakia, kazi inaanza. Kwa vifaa vingi hakuna cha kuweka kabisa. Ndiyo maana fundi aliyelelewa na Windows huanza vibaya: anakimbilia tovuti kutafuta faili la kupakua, wakati jibu analo kwenye mashine iliyo mbele yake.

Jibu hilo husomeka kwa amri moja. Fungua dirisha la amri uandike lspci -nnk. Kila kifaa kilichofungwa ndani kitatajwa kwa jina, kwa namba zake ndani ya mabano ya mraba, na chini yake utaona mstari unaotaja draiva inayokihudumia. Kadi ya waifai ya Intel itaonyesha iwlwifi. Kadi nyingi za zamani za Atheros zitaonyesha ath9k, na hizo tunazipenda kuliko zote kwa sababu hazidai hata faili la ziada. Mstari huo usipokuwepo, kifaa hakina draiva. Namba zikianza na 14e4 umekutana na Broadcom. 14e4:4315, kwa mfano, ni chipu ya BCM4312 iliyofungwa kwenye laptopu nyingi za Dell na HP za mwishoni mwa miaka ya 2000. Chipu hiyo haijafa. Inahitaji draiva ya Broadcom wenyewe, au fameweya yao, yaani programu inayopakiwa ndani ya chipu, ambayo kampuni haikuruhusu igawiwe bure pamoja na mfumo. Kwenye Ubuntu kifurushi cha bcmwl-kernel-source humaliza kazi.

Wengi hukwama hapo: draiva ya waifai iko mtandaoni, na mtandao wenyewe unahitaji waifai. Njia ipo, na haihitaji senti zaidi ya bando. Chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao palepale, bila kuwekewa kitu. Andika sudo apt update, weka kifurushi, zima uwashe. Kama mashine ina Secure Boot, yaani ulinzi wa wakati wa kuwaka, itakutaka utunge nywila, na ikiwaka upya italeta skrini ya kusajili ufunguo wa draiva. Usiipite skrini hiyo. Ukiipita, draiva itawekwa lakini keneli itakataa kuipakia, na utapoteza mchana mzima ukitafuta kosa pasipokuwa na kosa.

Modemu za USB, ambazo bado ni tegemeo vijijini ambako hakuna nyaya za mtandao, zina tabia yake. Nyingi za Huawei zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows, si kama modemu. Programu ya usb_modeswitch huzigeuza. E303 huingia kwa namba 12d1:1f01, ikigeuzwa inakuwa 12d1:14db. Ukiandika lsusb ukaona bado ni 1f01, umeshajua pa kushika. Na kabla hujailaumu draiva, jaribu mlango mwingine wa USB. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula vyuma vya milango hiyo, na mashine iliyokaa miaka kando ya bahari huenda ina mlango mmoja tu unaoshika vizuri.

Kisa cha vile vibamba vya waifai vya USB kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyouzwa zaidi na ndivyo vinavyoumiza zaidi. Vingi vina chipu ya Realtek. Chipu ya RTL8821CU kwa miaka mingi haikuwa na draiva ndani ya keneli. Ilibidi fundi apakue msimbo kutoka kwa watu binafsi na kuujenga kwenye mashine ya mteja. Ikafanya kazi, mteja akalipa, wakaagana. Baadaye Ubuntu ikajisasisha, keneli mpya ikaingia, na draiva iliyojengwa kwa keneli ya zamani ikaachwa nyuma. Waifai ikatoweka bila mtu kugusa kitu. Aliyejua kazi yake alitumia DKMS, programu inayoijenga upya draiva kila keneli inapobadilika. Asiyejua aliitwa tapeli. Hali ilibadilika Februari 2023, Linux 6.2 ilipoingiza draiva ya chipu hiyo ndani ya keneli. Kifaa kilekile, bei ileile. Kwenye Ubuntu 24.04, yenye keneli 6.8, unakichomeka na kinafanya kazi. Anayeweka toleo la mwaka 2020 kwa sababu ndilo alilonalo kwenye fleshi anajitafutia mateso yaliyokwishaondolewa. Watu wa Debian, toleo jingine la Linux, nao waliona hivyohivyo: wanachama walipiga kura mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 fameweya zisizo huria zinakuja ndani ya fleshi ya kusimika. Ushauri wa zamani kwamba Debian haifai kwa laptopu umepitwa na wakati.

Printa hatutazichambua zote. Epson za mfululizo wa L, zile za matangi ya wino zilizojaa kwenye steshenari, zina draiva kwenye maghala ya Debian na Ubuntu. HP nyingi zinaenda kwa programu ya HPLIP, lakini LaserJet 1020 na ndugu zake hudai fameweya kila zinapowashwa, na P1102 inadai programu ya nyongeza inayopakuliwa kando. Canon za laser za bei ya chini, LBP2900 na LBP6000, zimewasumbua watu wa Linux kwa miaka; anayenunua leo kwa ajili ya ofisi ya umma aziache. Printa mpya zinazochapa bila draiva, kwa njia ileile simu inavyochapa kupitia waifai, ndizo za kununua.

Sasa twende kwenye korosho, kwa kuwa mkoa huu unaishi kwa korosho. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekuwa ikihimiza mizani ya kidijitali kwenye vyama vya msingi, na mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika, MUVU, unataka taarifa ziingie kwenye kompyuta. Mizani mingi ya kielektroniki hutoa uzito kwa waya wa siriali, na waya huo huingia kwenye kompyuta kupitia kigeuzi kidogo cha USB. Ndani ya kigeuzi mna chipu: ya FTDI, ya Prolific, au CH340 ya China. Linux inazijua zote tatu bila kuwekewa chochote. Unachomeka, mlango wa ttyUSB0 unatokea. Windows ina historia tofauti. Oktoba 2014 FTDI ilitoa draiva iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows, na draiva hiyo ilipokutana na chipu ya kuigwa ilibadilisha namba yake ya utambulisho kuwa sifuri. Kifaa kikawa hakitambuliki tena, hata kikihamishiwa kompyuta nyingine. Aliyeadhibiwa ni mnunuzi aliyelipa dukani kwa nia njema, asiye na namna yoyote ya kutofautisha chipu halisi na ya kuigwa. Haukupita muda watu wa Linux wakaiongeza namba hiyo ya sifuri kwenye draiva yao, vifaa vilivyouawa vikafanya kazi tena.

Hatukisimulii kisa hiki ili kutetea bidhaa bandia. Tunakisimulia kwa sababu waya wa kigeuzi unaonunuliwa Kariakoo kwa bei ndogo unaweza kukaa kati ya gunia la mkulima wa Tandahimba na malipo yake. Mtu mwenye mamlaka juu ya draiva ana mamlaka juu ya mizani. Chama cha msingi kinachotumia draiva iliyo wazi, inayoweza kusomwa na fundi yeyote, kinajilinda kuliko kile kinachotegemea huruma ya kampuni isiyojua Tandahimba iko wapi.

Umbali nao ni hoja. Mtwara iko zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliipiga pwani yetu, mafuriko yakaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika, na intaneti ikadorora nchi nzima. Fundi aliyehitaji draiva mwezi ule hakuwa na barabara ya kuileta wala mtandao wa kuipakua. Hapa Linux inatoa kitu ambacho hatujakitumia: maghala yake yote ya programu yanaruhusiwa kunakiliwa. Diski moja ya terabaiti moja inatosha kubeba vifurushi vya toleo moja la Ubuntu, draiva na fameweya zikiwemo, kwa mashine za aina tunazotumia. VETA Mtwara wanaweza kuwa nayo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris wanaweza kuwa nayo. Chuo cha Ualimu Mtwara pia. Programu ya apt-mirror hunakili, na fundi kutoka Msimbati au Newala angekuja na diski yake, akaondoka na kila anachohitaji bila kuchoma bando.

Tanzania haianzi leo kwenye mambo haya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioungwa mkono na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini programu ilipelekwa kwa watu bila mpango wa vifaa, na programu ya Kiswahili kwenye mashine isiyoona printa haimsaidii katibu wa chama. Mfano bora zaidi tunauona Karatu, ambako shule za sekondari ziliwekewa kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua na Linux. Pale vifaa vilichaguliwa pamoja na mfumo wake, ili mwalimu asiachiwe kazi ya kusaka draiva.

Wapo watakaosema ofisi za serikali haziwezi kuishi bila Windows. Tuangalie kazi yenyewe. NeST ya ununuzi inafunguka kwenye kivinjari. MUVU inafunguka kwenye kivinjari. Takwimu za afya za wilaya zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria uliolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, nao ni wa kivinjari. Firefox ya Linux inazifungua zote. Pale penye kifaa maalumu kilichokuja na programu ya Windows pekee, mashine moja ibaki na Windows halali na ilindwe. Kuwepo kwake hakuhalalishi mashine nyingine kumi na tano kuendeshwa kwa programu ya wizi isiyopata ulinzi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mafundi hawatoshi. Ni kweli. Lakini fundi mmoja akikabidhiwa maabara ambayo kila kadi ya mtandao ndani yake inaonyesha iwlwifi au ath9k, kazi yake ni kupiga mfumo na kuondoka. Akikabidhiwa maabara yenye kadi za aina saba, kila moja na ugonjwa wake, hata mafundi watano hawatatosha. Uhaba wa mafundi tunauongeza wenyewe tunapofanya manunuzi. Hakuna mvuvi wa Msangamkuu anayenunua injini ya boti kabla ya kuuliza spea zake zinapatikana wapi, na kamati ya manunuzi ya halmashauri haina sababu ya kuwa na uangalifu mdogo kuliko wake.

Kwa anayenunua kwa fedha yake, tunashauri hivi. Nenda dukani na fleshi yenye Ubuntu. Iwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo, uchague kuujaribu mfumo bila kuusimika. Hakuna kitu kitakachofutwa. Angalia kama waifai inaona mitandao ya jirani. Cheza sauti. Chomeka printa, uchapishe ukurasa mmoja. Funga mfuniko wa laptopu, ufungue, uone kama inaamka. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu. Anayekataa, muachie mali yake.

Kwa halmashauri, mstari mmoja kwenye maelezo ya zabuni unatosha, na tunauandika hapa ili usisumbue mtu kuutunga: kifaa kithibitike kufanya kazi kikamilifu na Ubuntu 24.04 kwa draiva zinazokuja na mfumo wenyewe, bila programu ya ziada kutoka kwa mzabuni, na kijaribiwe mbele ya kamati ya ukaguzi na mapokezi kabla ya kupokelewa. Toleo hilo lina huduma ya kawaida hadi mwaka 2029. Mstari huo hauongezi bei, kwa sababu vifaa vinavyotimiza sharti viko madukani bega kwa bega na visivyotimiza. Hauwafungii nje wanaotaka Windows, kwa kuwa kifaa kinachotimiza sharti hilo kwa kawaida kinaenda na Windows pia. Vilevile Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaogawa kompyuta kwa shule za umma, ungeweza kuuweka kwenye maelekezo yake, na shule za nchi nzima zikanufaika kwa siku moja.

Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa, na kila moja itanunua kompyuta, printa au vifaa vya mtandao. Wakurugenzi wauweke mstari huo kabla zabuni hazijapandishwa kwenye NeST, na madiwani wauulizie kwenye vikao vya bajeti.